Sheria ya Mambo ya Kale Mbele ya Makaburi ya Tongoni

Mazoea yetu katika shule za sekondari ni kuhakiki riwaya, tamthiliya na mashairi. Mara chache sana tunamwomba mwanafunzi aichukue sheria ya nchi, aisome neno kwa neno, kisha aulize: mwandishi wa maneno haya aliiona dunia kwa jicho gani? Hata hivyo sheria nayo ni maandishi. Ina msamiati wake, ina watu inaowataja na watu inaowanyamazia, na ina dhana yake ya wakati. Katika insha hii tunakusudia kuisoma Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 kwa namna hiyo. Tutaisoma mahali pamoja, yaani katika magofu ya Tongoni, kwa sababu sheria ikisomwa ofisini tu huonekana imekamilika.

Tongoni iko kusini mwa mji wa Tanga, upande wa bahari wa barabara iendayo Pangani. Jina lenyewe ni somo. Tongo, au matongo kwa wingi, ni mahali palipokaliwa na watu kisha pakahamwa. Kwa hiyo Tongoni maana yake ni kwenye mahame. Mji uliokuwapo zamani haukuitwa hivyo. Mabaharia wa Kireno waliutaja mji wa sehemu hii kwa jina la Tamugata, na wanahistoria wamelitambua ndani yake jina la Mtangata. Mwezi wa Aprili 1498 jahazi la Vasco da Gama lililoitwa São Rafael lilipanda mwamba karibu na hapa, na kumbukumbu za safari ile zinaeleza kwamba watu wa pwani walifika kwa vyombo vyao wakiwa na machungwa ambayo wageni waliyaona bora kuliko ya kwao. Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi na mabaharia wengi wakiwa wamekwisha kufa kwa kiseyeye, Wareno walilichoma moto jahazi hilo hilo mbele ya mji huu, kwa kuwa hawakubaki watu wa kutosha kuviongoza vyombo vyote. Tunalitaja tukio hili kwa sababu ni maarufu, lakini hatungependa msomaji adhani kwamba Tongoni ina thamani kwa sababu Mreno aliipitia. Wareno waliukuta mji umekwisha simama, una wakulima na una wafanyabiashara.

Kilichobaki leo ni gofu la msikiti na makaburi yapata 40. Vyote vilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na wataalamu huvihesabu zaidi katika karne ya 15. Sehemu ya makaburi hayo yalikuwa na nguzo, ile namna ya kaburi tunayoikuta pia Kaole, Kunduchi, Malindi na kwingineko katika pwani yetu, na ni mahali pachache mno palipokuwa na nguzo nyingi kama hapa. Nguzo nyingi zimeanguka. Katika kuta na nguzo zilizosalia mna vitundu vya mviringo ambamo mafundi walipachika mabakuli ya kauri kutoka China na nchi nyingine za mbali, na vitundu vingi sasa ni vitupu. Richard Burton, Mwingereza aliyeipita pwani hii mwaka 1857, aliandika juu ya kigae chenye maandishi ya Kiajemi kilichokuwa katika kaburi mojawapo, kigae ambacho mfano wake haukujulikana mahali pengine katika Afrika Mashariki.

Vitundu hivyo vitupu ndivyo hoja ya kwanza ya kuitetea Sheria, nasi tunaisema mapema ili tusieleweke vibaya. Palipokuwa hapana sheria, kila aliyekuwa na patasi alikuwa na haki ya kubandua. Mkusanyaji wa Ulaya alibandua apeleke kwao, na mwenyeji asiye na matofali naye alichukua jiwe la mtu aliyekufa miaka 300 iliyopita akatie msingi wa jikoni kwake. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuhifadhi majengo ya kale mwaka 1937. Idara ya Mambo ya Kale ikaundwa mwaka 1957, na Neville Chittick akawa mhifadhi wake wa kwanza. Mwaka 1962 taifa jipya likaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na miaka miwili baadaye likajitungia sheria yake lenyewe. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 1979 na hadi leo ndiyo msingi wa kazi yote ya uhifadhi Tanzania Bara. Chini yake hakuna mtu, mwenyeji wala mgeni, anayeruhusiwa kuchimba au kukusanya mabaki ya kale bila leseni, wala kuyatoa nje ya nchi bila kibali. Hilo si jambo dogo.

Sasa tutazame dhana ya wakati iliyomo. Kwa mujibu wa Sheria, kitu kinachochukulika ni cha kale iwapo kilitengenezwa au kuchongwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Jengo, boma, mchoro wa mwambani au tuta la udongo ni la kale iwapo liliwekwa kabla ya mwaka 1886. Milango ya mbao na miimo yake, iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki, inalindwa iwapo ilichongwa kabla ya mwaka 1940. Kwa chochote kilicho nje ya mipaka hiyo, Waziri anaweza kukitangaza katika Gazeti la Serikali.

Msomaji atatuuliza, kwa nini 1886? Anayeijua historia yetu hawezi kusoma tarakimu hizo bila kukumbuka kwamba huo ndio mwaka ambao Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wa maili 10 na kugawana bara iliyosalia. Makaburi ya Tongoni yalikuwamo ndani ya ukanda huo. Hata kama watunga sheria walikuwa na sababu nyingine, matokeo yake katika maandishi ni kwamba ukale wetu unakoma pale ukoloni unapopiga hodi. Kilichojengwa kabla ni kale. Kilichojengwa baadaye sharti kiombewe. Kwa Tongoni ya karne ya 15 mpaka huo hauleti madhara yoyote. Lakini twende mwendo mfupi kusini, tufike Pangani, mji wenye nyumba za ghorofa za mawe na milango ya nakshi. Hapo twaweza kukuta mlango uliochongwa mwaka 1900 ambao Sheria inaulinda wenyewe, umeshikwa na nyumba ya mwaka huo huo ambayo Sheria hailindi mpaka itangazwe. Mlango una mtetezi, ukuta unaoushika hauna. Twadhani hapakuwa na mtu aliyekusudia kichekesho hiki.

Jambo zito zaidi ni msamiati. Tukizipitia ibara za Sheria tunakutana na vitu, majengo, maeneo, leseni, ukaguzi, adhabu. Maneno haya yote yanamhusu aliyekuja kutoka nje ya mahali: mtaalamu anayeomba kuchimba, mfanyabiashara anayetaka kusafirisha, mkaguzi wa Serikali. Mtu anayeishi pale huingia katika maandishi kwa milango miwili tu. Ama ni mgunduzi, ambaye anatakiwa kutoa taarifa akikuta kitu cha kale, ama ni mkosaji aliyevunja katazo. Hakuna ibara inayomjua kama jirani, sembuse kama mrithi.

Na kwa hakika kaburi si jengo tu. Katika magofu mengi ya pwani yetu watu bado hufika kuzuru, kufukiza ubani, kuweka nadhiri na kuomba dua. Wako wanaolikubali jambo hilo na wako wanaolipinga kwa hoja za dini. Hatuna haja ya kuamua baina yao hapa. Tunachotaka kionekane ni kwamba mtu anayeliendea kaburi kwa heshima, akalifyekea majani na kuwakataza watoto kulipanda, alikuwa mlinzi wake kabla Idara haijazaliwa. Sheria haikumfuta kazi, haikumwona. Ikishawekwa alama ya Serikali na katazo chini yake, mlinzi wa jana huanza kusema kwamba makaburi yale ni ya Serikali. Neno hilo latosha kulimaliza gofu polepole, maana cha Serikali hufyekwa na Serikali, na Serikali iko mbali.

Hata lugha imechangia umbali huo. Sheria ya 1964 iliandikwa kwa Kiingereza, kama sheria nyingine nyingi za wakati wake. Mvuvi wa Tongoni anadaiwa utii kwa maneno ambayo hakuweza kuyasoma. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kuzifasiri sheria za zamani ni kubwa. Tungependa Sheria ya Mambo ya Kale isiwe ya mwisho katika foleni. Sera ya mwaka 2008 imetupatia neno zuri, malikale, ambalo linakiita kitu cha kale mali, yaani kitu chenye mwenyewe. Neno hilo lina uwezo kuliko lilivyotumika. Ukishasema mali, swali linalofuata ni mali ya nani, na hapo ndipo Sheria ya 1964 inapokosa jibu la kutosha.

Sasa tusimame tena pale makaburini, tutazame kulia na kushoto. Magofu ya Tongoni yako karibu sana na ukingo wa bahari, na mbele yake ni mikoko na maji. Gofu liko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale. Mikoko iliyo hatua chache kutoka hapo iko chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na wakala wake. Maji yaliyo nyuma ya mikoko yamo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki yule wa ajabu ambaye wataalamu wa dunia waliwahi kudhani ametoweka tangu zama za kale mno, na ambaye wavuvi wa Tanga, hasa kuanzia mwaka 2003, walimnasa mara kwa mara katika nyavu zao. Ardhi inayoyazunguka makaburi iko katika mamlaka ya Halmashauri ya Jiji la Tanga. Kila mamlaka ina sheria yake, ofisi yake na mpaka wake katika ramani.

Lakini gofu haliharibiwi kwa kufuata mipaka ya ramani. Mikoko ikikatwa, wimbi huikuta pwani haina ngao, na udongo ulioshika msingi wa kaburi huanza kumegwa. Aliyekata mkoko amevunja sheria ya misitu. Hajagusa kaburi, na kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale hana hatia. Bahari nayo haiwezi kushitakiwa. Chumvi hupenya katika matumbawe, chokaa hulegea, mzizi wa mti hutafuta ufa, na siku nguzo inapoanguka hakuna mkosaji wa kupelekwa mbele ya hakimu. Hapa ndipo tunapoona udhaifu wa msingi wa maandishi tunayoyahakiki. Yanajua sana kukataza, lakini hayajui vya kutosha kuamuru kazi ifanywe. Hayasemi kwamba kila gofu lililotangazwa liwe na mpango wa kulitunza, likaguliwe baada ya muda maalumu, na aliyepewa dhamana ajibu asipofanya hivyo. Adui wa Burton na mwenye patasi alifikiriwa. Adui aitwaye wakati aliachiwa Idara, na Idara haijawahi kuwa na watu na fedha za kuitosha pwani nzima.

Tunao mfano wa karibu kwamba mambo yaweza kwenda vingine. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Sheria iliyoyalinda ni hii hii. Pamoja na sheria hiyo na heshima ya orodha hiyo, kuta ziliendelea kuporomoka na ukingo wa bahari ukaendelea kumegwa, hata mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2014 yakatolewa humo. Katikati ya miaka hiyo sheria haikubadilika. Kilichobadilika ni usimamizi. Palikuwa na mpango wa maandishi, palikuwa na misaada kutoka nchi kama Ufaransa na Japani, mafundi wa hapo hapo walifundishwa kujenga tena kwa chokaa badala ya saruji, mikoko ilipandwa, na wakazi wakawa na kamati zao za magofu. Wapo watakaosema kwamba Kilwa ni Kilwa, mji wa masultani waliopiga sarafu zao wenyewe, na kwamba dunia haitaijali Tongoni hivyo. Ni kweli. Lakini kamati ya wakazi na fundi anayejua kuchoma chokaa si vitu vinavyohitaji orodha ya dunia.

Mfano wa pili uko kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Huko Kenya, misitu ya kaya za Wamijikenda ilianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa katika miaka ya 1990, na mwaka 2008 baadhi yake iliingia katika orodha ya urithi wa dunia. Kilichotambuliwa huko si miti peke yake. Ni pamoja na miiko inayoilinda na wazee wanaoisimamia miiko hiyo. Wadigo, ambao ni miongoni mwa Wamijikenda, wanaishi pande zote mbili za mpaka, Kwale na Tanga, kwa hiyo hatuzungumzii desturi za mbali. Kaya nazo zina matatizo yake: vijana wanaodai mashamba, wanunuzi wa viwanja, wazee wanaopungua. Hata hivyo mzee wa kaya anapomzuia mkata miti anasimama akiwa na mamlaka mawili, ya mila na ya dola. Mzee wa Tongoni ana moja tu, nayo inadhoofika.

Katika miaka ya karibuni Serikali imeyakabidhi baadhi ya maeneo ya malikale kwa mashirika yenye uwezo mkubwa zaidi wa fedha na watumishi: Kilwa kwa mamlaka ya wanyamapori, Kaole kwa wakala wa misitu, mapango ya Amboni kwa mamlaka ya Ngorongoro. Hatua hii ina faida ambayo hatuwezi kuikana. Palipokuwa na njia ya vumbi pamewekwa kibao, choo na mwongoza wageni. Wasiwasi wetu ni juu ya kipimo. Shirika lililozoea kuhesabu watalii na viingilio litaipenda Kilwa na Amboni. Lakini gofu dogo lenye wageni wachache halina njia ya kujitetea mbele ya daftari la mapato, ijapokuwa mbele ya historia lina la kusema. Kama kipimo ni kiingilio, makaburi 40 yaliyo kimya yatakuwa ya mwisho daima.

Na muda hautungojei. Barabara ya Tanga hadi Pangani, kilomita 50 hivi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na matope, imekuwa ikijengwa kwa lami kama sehemu ya njia ya pwani iendayo Bagamoyo. Lami huleta wageni, nasi twaitaka. Pia huleta mpima viwanja. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza, lakini nyumba moja moja ya mtu binafsi haiitwi mradi mkubwa, na gofu laweza kuzingirwa kwa nyumba moja moja. Mji wa zamani haukuwa msikiti na makaburi tu. Watu waliozikwa hapo waliishi mahali, na nyumba zao za udongo na miti, majaa yao na vigae vyao vimo ardhini katika viunga ambavyo jicho halioni kitu ila minazi na mihogo. Sheria inavilinda hata vile visivyoonekana, almradi vilitengenezwa kabla ya 1863. Ila mtu atawezaje kutoa taarifa ya kigae ambacho hajafundishwa kukitambua?

Kwa hiyo, pamoja na kudai marekebisho ya Sheria, ambayo yatachukua miaka, yako mambo yawezekanayo chini ya maandishi yaliyopo. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982. Sheria ndogo moja, kwa Kiswahili, yaweza kuyataja makaburi ya Tongoni kwa jina, kuutaja ukanda wa mikoko ulio mbele yake pamoja nayo, na kuwataja wakazi kuwa wasimamizi wenye sauti. Mpaka wa mji wa kale, pamoja na viunga vyake, wafaa uchorwe katika ramani ya mipango ya Jiji kabla viwanja havijapimwa. Na umbali kutoka ukingo wa maji hadi kila kaburi lililo upande wa bahari wafaa upimwe na kuandikwa mara mbili kwa mwaka, wakati wa bamvua kubwa la Machi na la Septemba, ili ijulikane kwa tarakimu ni kiasi gani cha ardhi kinachokwenda. Kazi hiyo haigusi jiwe lolote wala haihitaji leseni ya kuchimba. Inahitaji kamba ya kupimia, daftari lisilopotea, ruhusa ya Idara, na walimu wa shule iliyo karibu walio tayari kuifanya mwaka hadi mwaka.